Noti Niliyoikata

Februari, Saskatchewan. Theluji imepanda hadi dirishani.
Nimeketi na rundo la karatasi za muziki,
chai imepoa, nahesabu nilio nao:
filimbi moja,
ngoma tisa, maana kila mtoto ataka ngoma,
klarineti nne zinazolia kama bata aliyekanyagwa,
na Taras, mwenye tromboni ndefu kumshinda.

Kipande hiki kizuri. Jalada lasema: kwa wanaoanza.
Aliyekitunga hakumwona Taras.
Mstari wa kumi na mbili wataka bomba lisukumwe hadi mwisho,
na mkono wa mtoto unaishia njiani.

Nikaikata kwa penseli. Nikaandika: pumzika.

Wiki kumi akapumzika pale,
bomba magotini, macho hayabanduki,
kama apitaye nyumba aliyofungiwa mlango.

Mei, mto umeachia barafu,
akaja kabla ya kengele, sweta imempungukia mikononi.
"Mwalimu Hnatiuk, una kifutio?"

Nilidhani amekosea kitu.
Alifuta neno langu taratibu, akapuliza vumbi,
akanyoosha mkono.

Noti ilitoka imepinda, nzito,
trekta isiyotaka kuwaka.
Rudia, nikamwambia.