Bronza ya Januari

Saa sita mchana, Hammerfest, na nje giza totoro.
Gunnvor anajaribu vikopo vitatu kwenye taya la kushoto:
kimoja chekundu kama tofali,
kimoja kinametameta kama magamba ya samaki,
cha tatu kimya tu, chai ya rangi iliyopoa.
"Hiki," asema muuzaji. "Ila kakitazame juani kwanza."
Wakatazamana.
Wakacheka mpaka wakashika kaunta.
Jua liliaga tangu Novemba.

Nyumbani anagonga brashi ukingoni, vumbi la ziada lidondoke.
Anachora namba tatu: paji, shavu, chini ya taya.
Anashusha shingoni taratibu,
maana uso usioijua shingo yake ni barakoa.
Puani kidogo; pua ndiyo huanza kusema uongo.

Siku lilipochungulia mlimani, dakika nne,
ofisi nzima ilitoka nje, makoti bila vifungo.
Gunnvor akafungua kioo.
Chini ya sikio, mstari wa kahawia,
kama alama ya mafuriko ukutani.

Leso anayo.

Akafunga kioo,
akaligeuzia jua shavu lile lile,
wajuane.