Leja ya Mishale

Jumapili, baada ya misa ya pili, Nkuhungu,
nyuma ya duka la vipuri la kaka yake Ndahani,
tunafunga mlango ili vumbi libaki na barabara
na tunaingia msituni.

Msitu ni karatasi ya miraba.
Mazimwi ni vizibo vya soda.
Mwendesha mchezo ni Mchiwa; siku za kazi
ni karani wa bohari ya mahindi kule Kizota,
na hajui kuuvua ukarani hata akivaa uchawi.

"Mishale mingapi?"
Ndilo swali lake la kwanza, kabla ya salamu.
"Maji je? Mienge? Ile mikate mikavu
mliyonunua darajani, mmekula mingapi?"

Ndahani huguna. Amekuja kuua joka, anasema,
hakuja kukaguliwa. Upinde upige tu,
nani amewahi kuona podo likiisha kwenye sinema?
Mchiwa humtazama vile anavyotazama gunia lenye tundu.
"Mali bila daftari," huanza,
nasi humalizia, kwa uvivu wa darasa la tatu:
huisha bila habari.

Basi penseli nikapewa mimi, Chilewa,
mbeba mizigo wa kundi.
Nachora vijiti: vinne wima, cha tano kinalala juu yao
kama mgonjwa aliyebebwa na ndugu.
Mshale ukiruka, nafuta.
Uliovunjikia mfupani, nafuta.
Uliookotwa na damu yake, dadu ndiyo inayoamua,
si huruma.

Siku ya kwanza nilicheka.
Siku ya nne nikaona:
mwenge ukibaki mmoja, pango hurefuka.
Kiriba kikiwa na mafunda matatu, na makoo ni manne,
hakuna anayetaja tena hazina.
Joka niliacha kuliogopa. Nikaogopa hesabu.

Hilo nililijua zamani, kwetu Mvumi,
mwaka ule mvua ilipotupita kama mgeni wa jirani.
Mama alichora mistari ya mkaa ubavuni mwa kihenge,
akapima mtama kwa kibaba kisichosamehe.
Haba na haba hujaza, tulikaririshwa shuleni.
Yeye hakubisha. Aliujua tu upande wa pili:
haba na haba humaliza.
Sikumwona hata mara moja akifuta mstari
kabla ya kututazama, mmoja mmoja,
kama anayehesabu midomo.

Jumapili iliyopita tulilifikia joka.
Ndahani yuko chini, ngao imeyeyuka,
umeme umekatika, tunacheza kwa tochi ya simu
yenye chaji asilimia tisa, nayo Mchiwa akaiandika.
"Chilewa. Mishale mingapi?"

Nikatazama leja. Kijiti kimoja.
Ila nilikumbuka: kule kwenye daraja la kamba
nilimpiga kunguru kwa mzaha, tukacheka,
kizibo kikadondoka chini ya meza,
na sikufuta.
Hakuna aliyeona.
"Piga," Ndahani alininong'oneza, "piga, ndugu yangu."
Karani hakuuliza mara ya pili. Alisubiri,
kidole juu ya kizibo chekundu.

Penseli ile, sijui kwa nini, ilikuwa nzito kama mchi.
"Hakuna," nilisema.

Tukakimbia. Joka tuliliachia dhahabu yake,
tukamburuta Ndahani kwa kamba ya mita kumi na mbili
(imeandikwa), mienge sifuri,
tukipapasa ukuta hadi nje.

Wiki nzima hakunisemesha.
Leo asubuhi, ujumbe mfupi:
kwao bomba limekauka, siku ya tatu sasa.
Nina madumu mangapi?

Nilikwenda uani, nikayagonga kwa kifundo cha kidole,
moja moja, nikisikiliza.
Sita na nusu, nikamjibu.
Njoo uchukue matatu.
Naandika.