Koa wa Famau

Ijumaa, na mvua,
mwalimu kawachukua
(mwavuli hakufungua)
wana wetu, msituni.

Glasgow hii ya baridi!
Nilisema: “Atarudi
na mafua, si zaidi.
Wafunzwe nini nyikani?”

Famau wa kunyamaza,
hesabu zinamkwaza,
mwalimu akiuliza
hutazama sakafuni.

Kijito wakakiziba:
mawe sita, fito saba,
mpaka yakawa haba
maji yaendayo chini.

Nani aliyehesabu?
Yeye! Na bila aibu
kamwita Rory karibu:
“Moja tena! Ongezeni!”

Kaja nyumbani kalowa,
buti hazijavuliwa,
maneno yapakuliwa
na chai bado jikoni.

Tope hilo halitoki.
Nafua, sinung'uniki.
Koa mmoja, rafiki,
yumo bado mfukoni.