Mchoro wa Ghorofa ya Tatu

Mtandao wa ofisi yetu ya Samora
Mushumbusi aliuchora, akauacha kama tambi:
mistari inapishana, mishale inagongana,
seva imejificha nyuma ya maandishi.

Nimefuta. Nimeanza na nafasi nyeupe.
Bluu kwa nyaya, chungwa kwa mawimbi,
swichi zote safu moja, kama vikombe kabatini,
kila jina chini ya kisanduku chake.

Saa nne usiku, umeme umerudi,
ndipo nikaona kilichofichwa na fujo:
matawi yote, Posta hadi Mbagala,
yananing'inia kwenye kisanduku kimoja
chini ya ngazi,
pale Mama Sikujua anapochomeka birika.

Nimekipaka nyekundu.
Kesho, kabla ya chai,
nitamwombea soketi nyingine.