Fundo la Kumi na Saba

Saa tisa nafagia
kanisa la Thonimia,
baridi yanivamia
hadi humo mifupani.

Nchi tambarare, tope,
anga lake ni jeupe,
upepo wapiga kope,
Uingereza pembeni.

Mimi mtu wa Songea,
na ndoo nimezoea,
mshahara napokea
Ijumaa, bahashani.

Pana dirisha la jiwe,
halitoshi hata mwewe;
nachungulia mwenyewe
kwenye giza la chumbani.

Jina lake ni Hawisa,
mke asiye anasa,
chumvi alipika hasa
kwa maji ya ufukweni.

Mumewe alipozama
hakulia, hakuhama;
kwa padre akasimama,
akasema, "Nizikeni."

Wakamsomea sala
za maiti, akalala;
akatupiwa, kwa mila,
udongo wa kaburini.

Mwashi naye kwa chokaa,
pengo lote likajaa;
paka wake akakaa
naye humo kifungoni.

Wakamletea siri,
deni la ngano, shayiri;
hajui hata sifuri,
kafunga fundo uzini.

Ndipo mvua isokoma,
na mashamba yakazama,
ng'ombe wakafa kwa homa,
maji hadi vitandani.

Ikawa kaya kwa kaya,
kumi na sita, kwa haya,
mbegu, na nzima, na mbaya,
wakatia dirishani.

"Hata tukikulilia,
tukija kukutishia,
usije kutuachia
hadi siku ya shambani."

Njaa ikapiga hodi;
viatu wakala, hadi
na mishumaa. Baridi
ikawakata usoni.

Usiku kaja Emota,
mwana hoi anatweta,
ukutani akagota:
"Konzi moja tu, mwendani!"

Hawisa hakutamka.
Mifuko yamzunguka,
naye njaa yamsaka,
paka kaliwa zamani.

Kulipokucha, akafa.
Mama kanena kwa nyufa:
"Wakikuimbia sifa,
mtaje mwanangu ndani."

Jua lilipotokeza
mifuko kairejeza;
punje hakuipoteza
hata moja, sakafuni.

Wa kwanza ni wa Emota.
Hakunena, hakuteta;
alipanda. Zikaota
kijani hadi njiani.

Alipokufa Hawisa
mifupa ikawa hisa
ya wagonjwa kupapasa
kwa shilingi sandukuni.

Wengine walikataa:
"Mtakatifu wa njaa!"
Wakapita bila taa
ya kumwekea tunduni.

Wakaja watu na nyundo,
kwa amri na kishindo:
mifupa motoni; fundo
lilifichwa mizingani.

Uzi wenyewe ni huo,
kiooni, kwenye nguo;
hausomwi kama chuo,
ila mkono gizani.

Kumi na sita sawia,
wageni huhesabia;
la mwisho, wanadhania
ni kosa la mkononi.

Ufunguo wa kabati
ninao. Na kwa bahati
mlinzi yu kwenye kiti,
akoroma ukumbini.

Fundo la kumi na saba,
dogo kama tone, haba,
limekaza kama toba,
lanidunda kidoleni.

Nami niliweka ada
ya watoto, kwa ibada,
kaka akiomba, "Dada,
nalala hoi wodini."

Sikutuma. Wakasoma.
Mmoja sasa hupima
wagonjwa, hutibu homa.
Kaka yuko udongoni.

Nyumbani wanisifia;
mimi huwakatizia,
jina lake nalitia:
"Mtajeni, ni Ombeni."

Kioo nakipanguza,
alama naipoteza;
mlinzi kaniuliza,
"Bado una kazi gani?"