Bamba la Tatu

Ithungu alichora akiwa amefumba macho,
sindano ikikwaruza nta juu ya shaba
kama panya darini.
Mkono una ndoto zake, alisema,
kichwa kisiulizwe.

Mimi kazi yangu gurudumu.
Nilikuwa nikichomelea mageti hapa Kilembe,
nikaitwa kurekebisha mashine yake, nikabaki.

Shaba ni ya birika kubwa la kantini ya mgodi.
Baba alichimba miaka kumi na tisa
na hakuwahi kuiona shaba iking'aa:
kwake ilikuwa jiwe, vumbi, kikohozi,
asijue chai yake ilichemkia humo.
Sasa imelala kwenye beseni la tindikali,
inatoa vipovu,
inaliwa palipokwaruzwa tu.

Bamba la kwanza, njano.
La pili, buluu.
Karatasi mbichi, blanketi juu, nazungusha,
mbavu za mashine zinalia.
La tatu, nyekundu,
na nyekundu ikateleza upana wa unywele.

"Imeharibika," nikasema.
"Ngoja," akasema,
akaitundika kwa vibanio vya nguo.

Masereka wa duka la mbolea aliona figo ya mbuzi.
Mwalimu wa jiografia aliona ramani,
akainamisha shingo kuitafuta kaskazini.
Binti yake alisema ni kelele,
akaziba masikio, akacheka.
Mimi wiki nzima sikuona kitu.

Kisha jioni moja, nikifagia,
nikauona ule ufa mweupe
pale nyekundu ilipokosana na buluu.
Usiku Nyamwamba ulipofurika
ukuta wetu uliachana na paa
upana huohuo,
na kabla mama hajapiga yowe
niliiona mbingu nikiwa kitandani,
safi, karibu,
nikafurahi.
Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Nikamuuliza Ithungu kama ndivyo.
Alikuwa akisugua wino kwenye kucha kwa mafuta ya taa.
"Bamba hugeuza," akasema,
"cha kushoto huenda kulia.
Hata hiyo furaha yako, sijui
ilikuwa upande gani."

Tukachapa nakala ya pili.
Nilibana kila skrubu, nikapima kwa rula.
Nyekundu ikakaa mahali pake sawasawa,
nikaitazama mpaka wino ukakauka:
rangi tatu, karatasi nzuri.

Asubuhi nilimkuta amenitangulia,
spana mkononi,
anazilegeza.