Sababu Moja

Ukumbi huu zamani ulikuwa duka la makochi.
Zulia bado lina makovu ya miguu yake,
vishimo vinne vinne, na juu ya vishimo hivyo
tumepangwa watu sitini na wawili, kila mtu na skrini yake:
walimu wastaafu wengi wetu, na vijana wachache
waliomaliza chuo na hawajapata pa kushika.
Nje ni Duluth, ni Aprili, na theluji haijapata habari.

Dakika mbili kwa insha. Bwana Pelkey hupita nyuma yetu
na viatu vyake vya mpira. Hasemi kitu,
karatasi ya ukutani imeshasema:
jana kasi ya meza ya saba ilishuka.

Swali ni moja kwa jimbo zima, darasa la tano.
Mwandikie mkuu wa shule barua. Mshawishi
arefushe mapumziko ya mchana. Toa sababu tatu.

Nimesoma barua mia na tisa tangu asubuhi.
Ubongo unahitaji hewa. Mwili unahitaji mbio.
Tutarudi darasani tukiwa watulivu.
Tatu, tatu, tatu, mafiga yamekaa sawasawa,
na chungu juu yake, mara nyingi, kitupu.

Kisha namba 40771.
Penseli hafifu, mistari inapanda kilima.

"Mheshimiwa, tafadhali yafupishe.
Mapumziko yana dakika ishirini na tano.
Nimezihesabu kwenye saa ya kantini
kwa sababu nje sina wa kusimama naye.
Yangekuwa kumi ningeweza kufunga kamba za viatu
polepole, mguu mmoja, halafu wa pili,
na kengele ingelia."

Basi. Hata jina la kutunga hakuweka.
Mwongozo uko wazi: mada imepinduliwa, sababu ni moja.
Alama moja kati ya nne.

Jumapili nilibishana na wifi yangu Renata,
aliye kwenye bodi ya shule. Nilimwambia
mnapima watoto kwa mizani ya viazi.
Akaweka uma chini.
"Kabla ya mizani," akasema, "ile shule ya kule relini,
kunakopita mabehewa ya madini, ilituletea nyota za dhahabu.
Miaka kumi na miwili ya nyota, Maren.
Mtihani ndio uliotuambia nusu ya watoto hawajui kusoma.
Ninyi mlijua. Mlijua, mkanyamaza kwa upole."

Kuku akapoa mezani.
Jibu nilikuwa nalo, likanikwama,
maana nilishawahi kumfundisha Curtis Wuori,
mtoto msikivu, baba mgonjwa,
na kila muhula nilimwandikia: anaendelea vizuri.
Majira ya baridi yaliyopita alinibadilishia tairi.
Akanisogezea fomu ya bima yake mwenyewe
akasema, mwalimu, nimesahau miwani nyumbani.
Curtis havai miwani.
Nikamsomea pale pale, katikati ya harufu ya mpira,
kidole changu chini ya kila neno,
kazi ya miaka ishirini iliyopita.

Sekunde arobaini zimebaki.
Naihesabu tena sababu ya 40771. Bado ni moja.
Lakini swali lilisema mshawishi,
na mimi, ningekuwa mkuu wa shule, saa hii
ningekuwa nimeshachukua koti, nimeshatoka uani,
natafuta mtoto anayetazama viatu vyake.

Nabonyeza nne.

Humu humu ukumbini, mwenzangu nisiyemjua
amepewa barua ileile. Amebonyeza moja,
na hajamdhulumu mtu.
Mashine imeliona pengo. Kitaa cha manjano
kinawaka pembeni mwa skrini yangu,
na mwisho wa safu
viatu vya mpira vinageuka.

Najaribu kupanga sababu tatu.
Ninayo moja.